Asilimia 15 ya Kila Mwezi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mratibu wa mradi wa kulinganisha utendaji wa baadhi ya mamlaka za maji za mikoani nchini Tanzania. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji iliyoanza kazi mwaka 2006, ilikuwa tayari ikichapisha taarifa za utendaji wa mamlaka hizo. Sisi tuliwakutanisha wahandisi na wahasibu wa mamlaka zinazokaribiana kwa ukubwa, ili kila mmoja ajue kwa nini mwenzake anapoteza maji machache kuliko yeye. Upotevu hupatikana kwa kutoa maji yaliyoandikiwa ankara kwenye maji yaliyozalishwa, kisha tofauti hiyo kugawanywa kwa uzalishaji.

Mamlaka moja iliongoza kwa upotevu wa asilimia 15, ilhali wenzake wengi walikuwa wamekwama juu ya 35. Ziara ya mafunzo ya kwenda huko ilikuwa imekwisha kuandaliwa nilipoyapitia majedwali yake na kuona kwamba kila mwezi ulikuwa na asilimia 15 ileile, masika na kiangazi, hata mwezi ambao bomba kuu lilipasuka.

Nilikwenda. Kwenye nyumba ya pampu hapakuwa na dira kuu, yaani mita ya kupima maji yanayozalishwa. Mzee aliyeiendesha pampu, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alinifungulia daftari lenye madoa ya grisi, ambamo aliandika kwa penseli saa ya kuwasha, saa ya kuzima na kila mara umeme ulipokatika.

“Hili hawalichukui, mwanangu,” aliniambia. “Ofisini wanauliza tu kama pampu ni nzima.”

Tulijumlisha saa zake, tukazizidisha kwa uwezo ulioandikwa kwenye kibati cha pampu, na upotevu ukafika asilimia 37. Hata hiyo haikuwa namba ya kuapia, kwa kuwa pampu iliyochakaa haitoi tena kiasi kilichoandikwa kwenye kibati. Mhasibu alinieleza bila kuficha kwamba uzalishaji waliupata kwa kuongeza kidogo juu ya ankara, kwani taarifa ilitakiwa ijazwe na hawakuwa na kipimo. Sikumwona kuwa mdanganyifu, na hadi leo naamini hivyo.

Katika kikao kilichofuata, mhandisi wa mamlaka iliyoshika mkia, yenye asilimia 42 iliyopimwa, alisimama na kusema kwa uchungu, “Ndugu mratibu, tulifunga dira kuu, na tangu hapo bodi inatuuliza tumeharibu nini.” Maneno yale yaliniingia sana. Tulikubaliana kwamba kando ya kila namba iandikwe kama imepimwa au imekadiriwa, na kwamba namba za makadirio zisipangwe kwa nafasi.

Ziara ya mafunzo tuliielekeza kwenye mamlaka yake, ile ya asilimia 42. Huko wahandisi walikuta mtandao umegawanywa katika kanda, kila kanda na dira yake, ambayo ilisomwa saa nane usiku, wakati wateja wamelala na maji mengi yanayopita ni yale yanayovuja. Mhandisi wa mamlaka ya asilimia 15 ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, hasa kuhusu bei ya dira kuu na namna ya kuifunga bila kukata maji mji mzima.