V-Strom ya krimu: nilipofikia

Aprili

Pikipiki ni Suzuki DL650 V-Strom ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kutoka mwaka 2004. Injini ya V ya cc 645 iliyorithiwa kutoka SV650, pikipiki ya barabarani ya Suzuki hao hao, tenki la lita 22, gurudumu la mbele inchi 19. Nimeinunua mkononi mwa mtu hapa Dar: bluu iliyopauka kwa jua, plastiki za ubavuni zimechubuka, injini haina neno. Nataka iweze kwenda Mbeya na kurudi na mizigo yake bila kunitesa shingo. Rangi mpya ni hamu yangu tu, sijidai kwamba safari inaihitaji.

Masika yamefunga, kwa hiyo rangi isubiri. Naanza na vyuma.

Cheni ilikuwa imelegea hadi mwisho wa kukaza. Kariakoo cheni ya saizi 428 ipo kila kona, maana ndiyo inayovaliwa na bodaboda. Hii inavaa 525, na ukiitaja wauzaji wengi wanakutazama mara mbili. Nimeagiza seti nzima pamoja na sproketi zake, yaani magurudumu ya meno yanayovuta cheni, ya mbele meno 15, ya nyuma 47. Kufunga cheni mpya juu ya sproketi zilizolika ni kuiua mapema.

Jingine la haraka ni bamba la chini. Filta ya oili ya V-Strom imekaa mbele ya injini, jirani na bomba la ekzosi la silinda ya mbele, yaani palepale gurudumu linaporusha mawe. Fundi wa kuchomelea amenikatia bamba la alumini la milimita 4, akatoboa matundu ya hewa na moja la kumwagia oili.

Mei

Kioo cha kukinga upepo. Mwenye V-Strom yeyote atakwambia kuhusu kelele ya upepo kwenye helmeti. Nilikitoa chote nikaenda nacho Barabara ya Morogoro hadi Kibaha: upepo ulinisukuma kifua, lakini helmeti ilitulia. Hapo inajulikana kwamba mkosaji ni ule upepo unaojikunja ukingoni mwa kioo na kuja kupiga kichwa. Kioo kirefu zaidi, ambacho ndicho kila mtu anashauri, kinaweza kuzidisha tatizo. Nimeweka vishikio vinavyokisogeza mbele na kuacha upenyo chini yake, hewa ipite nyuma pia. Tofauti ni kubwa.

Taa za ziada ni mbili za LED, wati 20 kila moja. Kwa volti 12 hiyo ni ampea tatu na ushee, fyuzi ya 5 inatosha. Waya unatoka betri kupitia fyuzi hadi mguu wa 30 wa rilei (swichi inayowashwa na umeme), 87 unakwenda taani, 86 unachukua umeme wa swichi, 85 unaingia bodi, yaani upande wa hasi. Fyuzi ikae karibu na betri kabisa, si huko mbele kwenye taa, maana ikikaa huko, waya ukichubuka katikati hakuna cha kukata umeme.

Julai

Haya sasa, rangi.

Nilichagua krimu na mstari mmoja wa rangi ya udongo kwenye tenki. Marafiki walipigia debe nyeusi isiyong'aa. Nyeusi ya namna hiyo inapendeza siku ya kwanza, kisha vumbi la Dodoma na michirizi ya petroli vinaganda juu yake, na huwezi kuipiga polishi bila kuiharibu. Krimu inaonekana na dereva wa lori kutoka mbali, nami mbele ya lori nataka kuonekana.

Fundi aliniambia mapema, “Dada, kupuliza ni nusu siku. Kazi iko kwenye msasa.” Kila plastiki tuliigeuza kwanza kusoma maandishi ya nyuma yanayotaja aina ya plastiki: ABS inapokea rangi vizuri, PP bila praima yake maalumu inabanduka kama ganda la ndizi. Tukaosha nta na mafuta, msasa wa 320 kwenye mikwaruzo, puti nyembamba, praima, kisha 600 ya maji hadi kiganja kisihisi kingo. Kiganja kinaona zaidi ya jicho hapo.

Unyevu wa pwani una visa vyake. Thina inayokauka upesi hupoza uso wa rangi, mvuke wa hewani unatua juu yake, unabaki na ukungu mweupe. Tulitumia thina ya kukauka taratibu na kuanza saa nne asubuhi. Kusi inavuma mwezi huu, hewa ni kavu kidogo ila vumbi linapaa, kwa hiyo maturubai pande zote na maji sakafuni.

Juu yake klia, ile ya mwisho inayong'arisha na kukinga rangi, ya kuchanganya na hadena ya kuigandisha. Ile ya kopo la kupuliza ni rahisi, lakini petroli ikimwagika karibu na kifuniko cha tenki inailainisha. Hadena ina kemikali mbaya kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Asiye na kifaa cha kupumulia kinachostahili amwachie fundi aliye nacho.

Agosti

Keria zimefungwa, maboksi ya alumini pia. Vizito nimeviweka chini na mbele, boksi la nyuma linabeba koti la mvua na mikate. Shokamzoba ya nyuma ina kitasa cha kuikaza kwa mkono, nimekiongeza ili mbele isiwe nyepesi.

Kiti kiko milimita 820 kutoka ardhini, na miguu yangu si ya twiga. Nimekataa kuteremsha pikipiki nzima, maana inapoteza nafasi chini ya tumbo na bamba langu litaanza kulamba matuta. Fundi viti atapunguza sponji mbele na kuibana pembeni, huko ndiko mapaja yanakopanuka.

Kabla ya safari kuna TRA, mamlaka ya mapato: kadi ya usajili bado inasema bluu.