Ukiondoa Huko Nyuma

Leo ni Alhamisi na mimi bado niko Jumamosi, mlangoni pa studio, na yule mama aliyeagiza nimchoree picha ya marehemu mumewe.

"Mwanangu, ukiondoa huko nyuma, bei itapungua kiasi gani?"

Huko nyuma, yaani nyuma ya mzee pichani, ndiko kuliko na dirisha na mwanga wa jioni. Angeuliza kwa dharau ningelala vizuri. Aliuliza kwa upole, mkoba kaushika kwa mikono miwili kama mtu aliyekwisha kuhesabu kilichomo. Wala swali siyo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba nilijibu, tena upesi, kama fundi wa mabati: "Robo, mama."

Robo! Tangu hapo natunga majibu. Nikioga nina la heshima. Nikiosha brashi nina kali. Wiki hii mwenye nyumba kapandisha kodi, mwenzangu wa vinyago kafungasha, mdogo wangu kajifungua salama, na mimi ni robo, robo.

Rangi za mafuta zimepanda, kanvasi imepanda, hata mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi. Ila uso ule unadai saa zilezile ambazo ungedai nilipoanza kazi. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, Baumol na Bowen, waliliandikia kitabu jambo hili: viwandani kazi huzidi kwenda haraka, lakini muziki uliotungwa kwa wapigaji wanne bado unataka wanne, na dakika zilezile. Basi gharama ya sanaa hupanda tu. Wao hawakusema ufanyeje katika mji mdogo, ambako nikipandisha bei Jumatatu, Ijumaa mji mzima unajua, na nyuma ya mteja huyu hakuna foleni. Naye kodi yake imepanda vilevile.

Jana usiku nimecheka peke yangu. Nilikuwa nasoma mkataba wa mchoraji Ghirlandaio wa mwaka 1485, kule Florence, Italia: mteja kaandika kabisa kwamba bluu lazima iwe ultramarini, ile ya bei ghali, ya kama florini nne, sarafu za dhahabu za huko, kwa aunsi. Yaani huyo alihofia mchoraji asije akambania rangi! Zaidi ya miaka 500, na bado tunachunguliana kwenye kopo. Nikawaza, yule mama angalau aliniuliza usoni.

Asubuhi nikapaka huko nyuma kahawia tupu, kama tulivyokubaliana, huku nimenuna. Nikarudi hatua tatu kutazama.

Imependeza. Mzee katokeza, macho yake yanakufuata hadi mlangoni. Lile dirisha lilikuwa linamfunika, na mimi nililipenda kwa sababu najua kulichora. Sasa sijui nimkasirikie nani, na bei ndiyo hivyo tena, nimeshaipunguza.

Baba hajapokea simu tangu jana mchana. Huwa anaisahau kwenye mfuko wa koti. Lakini kwa joto hili, koti atalivaa nani?