Nilivyomlisha baba kwa mpira wa puani

Baba alipopata kiharusi, alishindwa kumeza, wakamwekea mpira wa kulishia kupitia puani. Ndugu wakaanza kumiminika wodini na chupa za chai zimejaa uji mwepesi wa sukari, eti mgonjwa mahututi hapewi vizito. Shangazi akaongeza na soda.

Mtaalamu wa lishe ndiye aliyenifumbua macho. Mwili unaopambana na ugonjwa mkubwa usipopata protini hujila misuli, hata ile ya kupumulia na kukoholea. Asiyeweza kukohoa, makohozi hutuama kifuani na nimonia ikapata njia. Utumbo nao ukikaa bila kazi, ukuta wake hudhoofika, bakteria waliomo wakapata upenyo.

Tukapiga hesabu. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji angalau gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Baba ana kilo 60, kwa hiyo gramu 72. Yai moja lina kama gramu 6. Sasa ule uji ungetufikisha wapi?

Tuliporudi nyumbani Pasua, mjini Moshi, nikawa napika mtori: ndizi kutoka soko la Mbuyuni, nyama iliyoiva mpaka inakatika yenyewe, maziwa yaliyochemshwa, mayai ya kuchemsha humohumo. Nasaga kwenye blenda, halafu nachuja, maana uzi mmoja tu wa nyama unaziba mpira na hapo utarudi hospitali. Vyombo na bomba la sindano la kulishia naosha, namwagia maji yaliyochemka. Kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili baba hapewi, hata kama kinanukia vizuri.

Kabla ya kulisha naangalia alama ya mpira puani kama haijasogea. Namwinua kwa mito mpaka awe nusu ameketi, na simlazi tena mpaka ipite kama saa nzima, chakula kisije kikapanda na kuingia mapafuni. Nikimaliza napitisha maji safi. Mswaki anapigwa kila siku ingawa hali kwa mdomo; uchafu wa kinywani nao hushuka kifuani.

Nimonia haikumpata. Kidonda cha kulalia kilichokuwa kimeanza kiunoni kilifunga taratibu, ingawa sifa hiyo siipi chakula peke yake, kwani tulikuwa tunamgeuza usiku na mchana. Ila hesabu hii ni ya baba. Mwenye figo mbovu au kisukari ana yake, na aliyekaa siku nyingi bila kula huanzishwa kidogokidogo, chini ya uangalizi wa daktari.