Mshono unaomliza mtoto

Mimi ni fundi cherehani hapa Goma, na sare za shule ndizo nyingi mezani kwangu. Leo nasema na wazazi wa mtoto anayelia kila akivalishwa, anayeziba masikio mvua ikipiga mabati, asiyetaka kushika bugali kwa vidole. Mtoto huyo tunamwita mkaidi haraka mno, na inaniuma.

Binti yangu yuko hivyo. Shati jeupe la shule lilikuwa vita: anajikuna shingo, analivua, analia mpaka anatapika. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, huyu umemdekeza." Nililichukua shati, nikapitisha kiganja upande wa ndani. Lebo ya nailoni kwenye kola, ncha yake kali kama ukucha. Uzi mgumu wa ovaloki. Mshono wa bega uliokunjwa mara mbili. Ngozi yako na yangu huyasahau hayo mara tu tukishavaa. Yake haisahau, lebo inamsumbua mchana kutwa, na mwalimu anaongea bure.

Sasa nafumua lebo zote, mishono naigeuza itazame nje, na kitenge kipya nakifua hadi wanga uishe ndipo nakikata.

Kine, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya mwili, aliyemwona binti yangu alinifungua macho. Kumbe mbali na ngozi, macho na masikio, kuna hisi ya mizani ndani kabisa ya sikio, na hisi ya misuli na viungo inayotuambia mwili uko wapi. Hoja kwamba ubongo wa mtoto unaweza kushindwa kupanga vizuri taarifa za hisi hizi ilijengwa na A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba huko California, tangu miaka ya 1960. Tiba yake ni mchezo uliopangwa: bembea, kupanda, kuvuta, kusukuma. "Mama, usimshike kwa nguvu," kine aliniambia. "Mpe kazi nzito kwanza."

Kazi nzito Goma haikosekani! Kabla ya kuvaa, binti yangu anasukuma chukudu ndogo (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili) ya kaka yake uani, juu ya mawe meusi ya volkano, kidumu cha maji kimefungwa juu yake. Anatoka jasho, anacheka, na siku nyingi shati linaingia bila kilio. Si siku zote.

Asitokee mtu akakuuzia muujiza, lakini. Mwaka 2012 madaktari wa watoto wa Marekani walisema ushahidi wa tiba hii bado ni mdogo, na kwamba mzazi na mtaalamu wapatane mapema ni badiliko gani wanalitafuta, kisha waangalie kama linakuja. Nakubaliana nao. Tena, hisi za namna hii zimo kati ya dalili za usonji (autism), ingawa si kila mtoto wa aina hii ana usonji. Kama wako pia amechelewa kusema au haitiki akiitwa, mpeleke apimwe, masikio yakiwemo.

Shuleni niliomba jambo moja tu: akae mbali na dirisha la upande wa jenereta. Mwalimu alikubali siku hiyohiyo.

Mwenye shati la mtoto linalomtesa alilete. Kutoa lebo silipishi.