Siku moja maishani mwangu: kubadilisha nyundo ya rivolva ya .22

Saa 2:00 asubuhi

Mimi ni fundi wa silaha, na kazi ya kwanza siku zote ni kuhakikisha silaha iko tupu. Leo mezani kuna Ruger Single-Six, rivolva ya risasi ndogo za .22. Ni ya kizazi kinachoitwa New Model, kilichoanza 1973, kwa hiyo nikifungua mlango wa kupakilia huku nyundo, kipande cha nyuma kinachoanguka ili risasi ilipuke, ikiwa chini, silinda inazunguka huru. Naitazama tundu moja baada ya jingine, matundu yote 6, kisha napitisha macho ndani ya mtutu. Risasi zenyewe haziruhusiwi kuwa chumba kimoja na meza yangu. Mwenyewe ameacha na silinda ya pili, ile ya .22 Magnum, risasi kubwa kidogo, nayo naikagua vilevile.

Saa 2:30

Mwenye silaha amefika mapema. Ni mzee mwenye leseni yake, mlenga shabaha wa muda mrefu, na kiungo cha dole gumba kimeanza kukaza. Namwomba aishike rivolva tupu alivyozoea, alenge ukutani na kuikoki, yaani kuivuta nyundo nyuma mpaka ijifunge. Sitazami nyundo, natazama kiganja. Dole gumba linapopanda kuufuata mkia wa nyundo, ile sehemu ya kuivutia, kiganja chote kinahama kwenye mshiko, mtutu unapanda, na kabla ya kufyatua inabidi aanze kushika upya.

Rivolva ya aina hii haina njia ya mkato. Kifyatulio huiachia nyundo tu, hakiwezi kuikoki, kwa hiyo kila risasi lazima ikokiwe kwa dole gumba. Mkia wa nyundo ukiwa juu mno kwa mkono wako, utahangaika kwa kila risasi.

"Fundi, huwezi kuupasha moto ukaukunja kidogo tu?" ananiuliza.

"Hapana, mzee. Moto ule unashuka mpaka kwenye jino linaloshikwa na kifyatulio, na chuma kikishalainika hapo, nyundo haiaminiki tena."

Nyundo aliyoleta ni ya mtindo wa Super Blackhawk, bastola kubwa iliyotoka 1959. Mkia wake umeshuka chini zaidi, ni mpana na una michirizi ya kushikia. Ndiyo anayoihitaji. Kama itakaa sawasawa ndani ya fremu hii, hilo ni suala la leo mchana.

Saa 3:30

Kabla ya kufungua chochote nachukua kumbukumbu ya nyundo ya zamani. Napakia maganda yaliyokwisha kupigwa, kila ganda nimeligeuza ili sehemu ya ukingo isiyo na alama ikae mbele ya pini inayopiga risasi, kisha nafyatua. Risasi hizi za rimfaya hazina fataki katikati. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini lazima iuminye ukingo huo mpaka ubonyee. Alama ikiwa hafifu, risasi hailipuki. Maganda haya nayaweka kando yakiwa na lebo, maana ndiyo kipimo changu cha baadaye.

Saa 4:00

Navua vibao vya mshiko. Naikoki nyundo, na kwenye tundu dogo la fimbo ya springi kuu nachomeka pini nyembamba. Nikiishusha nyundo polepole, springi inabaki imefungwa palepale. Kisha skrubu 5 za fremu ya mshiko, kwa bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu kikamilifu, la sivyo kichwa kinaharibika na kila mtu atajua kuna aliyeharakisha. Fremu ya mshiko naiondoa nikiwa nimeikinga kwa kiganja, kwa sababu nyuma yake kuna springi ndogo ya ukucha unaozungusha silinda, na ikiruka hapa utaitafuta mpaka jioni.

Nyundo ya zamani inatoka, ukucha nauhamishia kwenye mpya.

Saa 4:45

Sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote, na siifanyi kwa haraka. Naitundika nyundo mpya kwenye pini yake peke yake, bila springi kuu, na kuisogeza kwa kidole. Inapanda vizuri hadi nusu ya safari, halafu inakuwa nzito. Napaka wino wa kalamu nzito pande zote mbili, naisogeza tena, naitoa. Upande wa kulia wino umekwanguka sehemu moja, karibu na ukingo wa chini, pana kama ukucha wa kidole kidogo. Hapo ndipo inaposugua fremu.

Situmii tupa. Natumia jiwe laini lenye mafuta, mapito machache, nafuta, napaka wino, narudisha. Chuma ukikiondoa hakirudi. Baada ya muda nyundo inaanguka kwa uzito wake yenyewe bila kugusa kokote. Mkia nao unapita kati ya masikio ya fremu bila kukwaruza.

Kwenye jino, pale ncha ya kifyatulio inapoishika nyundo, jiwe langu halifiki. Wapo wanaopenda kulisugua ili kifyatulio kiwe chepesi. Mzee hakuomba hilo, na hata angeomba ningetaka kwanza kuona sababu.

Saa 6:15

Simu. Mtu ana Single-Six ya zamani, yenye skrubu tatu ubavuni, anataka nyundo kama hiyo. Namweleza kwamba zile za kuanzia 1953 hadi kabla ya New Model zina mtambo tofauti ndani, vipuri hivi haviingiliani. Namkumbusha pia kwamba kama haijawekewa mtambo wa usalama, anatakiwa kubeba risasi 5 tu na nyundo ikae juu ya tundu tupu, maana pigo kwenye nyundo laweza kuilipua risasi iliyo chini yake. Kampuni ya Ruger hufunga mtambo huo bila malipo na kumrudishia mwenye silaha vipuri vyake vya asili. Nimemsisitizia alifanye hilo kabla ya kuwaza nyundo.

Saa 7:30

Kila kitu kimerudi mahali pake. Sasa majaribio, silaha bado tupu.

Kwanza, naikoki na kuisukuma nyundo mbele kwa dole gumba, kwa nguvu, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Ikianguka, kazi imekataa na nyundo inatoka. Haikuanguka.

Pili, naikoki polepole sana nikisikiliza komeo la silinda. Linatakiwa liwe limeingia kwenye kishimo chake nyundo inapofika mwisho wa safari. Narudia kwa kila tundu, halafu silinda ya Magnum, kwa sababu silinda mbili hazilingani hata zikitoka kiwanda kimoja.

Tatu, kipitishio. Katika New Model nyundo haiigusi pini moja kwa moja. Ukivuta kifyatulio, kipande chembamba cha chuma hupanda na kusimama kati ya nyundo na pini, na ukikiachia hushuka. Natazama kwa tochi: kinapanda bila kunaswa na sura ya nyundo mpya, na kinashuka chote. Nikikifanya kifyatulio kibaki nyuma, kipitishio kinabanwa kidogo tu, kadiri inavyotakiwa.

Mwisho, maganda. Napiga tena, kisha nayaweka ya asubuhi na ya sasa sambamba chini ya lenzi. Alama mpya zina kina kilekile, zimekata ukingo mpaka mwisho. Kama zingekuwa hafifu, nyundo ingetoka leo hii.

Saa 9:30

Uwanja wa shabaha. Risasi moja kwanza, halafu mbili, halafu silinda nzima. Risasi za matundu yote zimelipuka, kwa silinda zote mbili. Risasi ndogo siziingizi kwenye silinda ya Magnum hata kwa jaribio. Matundu yake ni mapana zaidi na ganda hupasuka.

Saa 10:30

Mzee anaishika, analenga, anakoki. Dole gumba linaufikia mkia bila kiganja kuhama, na mtutu unabaki pale ulipokuwa. Anakoki tena, na tena, hasemi kitu. Halafu anapakia na kupiga shabaha yake bila haraka, mkono ukiwa mahali pamoja tangu risasi ya kwanza hadi ya 6.

Saa 11:00

Naandika kwenye daftari: namba ya silaha, kilichotolewa, kilichowekwa, upande niliousugua. Nyundo ya zamani naipaka mafuta, naifunga kwenye mfuko wenye namba hiyohiyo na kumkabidhi pamoja na bastola, ili siku yoyote akitaka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nimemwomba aniletee maganda ya boksi lake linalofuata niyatazame tena chini ya lenzi.