Makochi ya baba yametoka stoo

Mwaka 2019 tulinunua sofa mpya, zile nono zinazokumeza ukikaa. Mama akija kwetu Nyakato, Mwanza, kutoka kisiwani Ukerewe, kukaa alikaa vizuri, kazi ilikuwa kuinuka: mmoja mkono huu, mwingine ule. Siku moja akasema, "Hiki si kiti, mwanangu. Ni mgono wa kunasia samaki."

Ndipo nikayakumbuka makochi manne ya marehemu baba, ya mninga, yaliyokuwa stoo Nansio, huko Ukerewe, chini ya magunia ya dagaa. Nikayavusha kwa kivuko.

Nilianza vibaya. Kijana mmoja wa jirani alipaka vanishi juu ya uchafu wa miaka yote ile, na mguu uliolegea akaupigilia msumari. Mbao ikapasuka, na kwa wiki nzima kila aliyekaa aliondoka na nguo imenata.

Fundi wa pili, mzee wa Mabatini, kabla hata ya kutaja bei aliligeuza kochi miguu juu. Akanionyesha: maungio yote ni ya ulimi na tundu, hakuna msumari hata mmoja isipokuwa huo wetu. Kwa hiyo linafunguka. Aliligonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka likawa vipandevipande, akakwangua gundi ya zamani, akatia mpya, kisha akalikaza kwa tyubu za baiskeli alizozizungusha kama bandeji. Likalala hivyo hadi kesho yake. Msasa alianza na ule mkali akamalizia na laini, daima kufuata nyuzi za mbao. Ule wekundu wa mninga ulipotokea nilijisikia mjinga kwa kuuficha stoo.

Mikanda ya kukalia, nayo ya tyubu, ilikuwa imelegea, akafunga mingine. Sponji nilinunua mwenyewe, inchi 4, ngumu. Muuzaji alinisukumia laini kwa bei nafuu, nikaibonyeza kwa goti nikaigusa meza chini yake. Nikairudisha. Sponji ilinila fedha kuliko ufundi wenyewe.

Pasaka mama akaja. Akakaa wima, akaongea wee, kisha akashika mikono ya kochi, akasimama peke yake kwenda kuchungulia ugali jikoni. Aliporudi akayatazama tena makochi yote manne.

"Na vitambaa vyake vya kudarizi viko wapi?"

Nilikuwa nimevifanya matambara ya kufutia vanishi.