Kromu ya FN ya Babu

Lubumbashi, Jumapili jioni

Bei ya kuipaka upya kromu pikipiki ya Babu imefika. Fundi wa Johannesburg amejibu baada ya kuziangalia picha zote: rimu mbili dola 380, bomba la moshi pamoja na sailensa dola 310, usukani 120, pete ya taa ya mbele 70, mikono ya breki na klachi 60, kifuniko cha tangi 40. Jumla dola 980, na hapo usafiri haumo. Nilipomsomea Mama orodha hiyo aliacha kuchambua mboga akaniuliza, "Kwani hiyo kromu ni dhahabu?"

Swali lake limenikaa kichwani tangu mchana, kwa sababu jibu lake ni hapana, na bado naona bei hiyo ni ya haki.

Pikipiki yenyewe ni FN (Fabrique Nationale), imetoka Herstal karibu na Liège, Ubelgiji, kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1889 kutengeneza bunduki kabla ya kuingia kwenye baiskeli na pikipiki. Babu aliinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, akawa anaiendea kazini Union Minière, kampuni ya migodi. Wazee wa mtaa wa Kamalondo bado wanakumbuka mlio wake. Baba aliihifadhi chini ya turubai miaka yote, na injini imeponea humo. Vyuma vya nje ndivyo vilivyoteseka. Mji huu una mvua nzito kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kinaleta vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na turubai halizuii unyevu, linauficha tu.

Nimejifunza mengi kuhusu kromu mwaka huu, na nataka kuyaandika hapa kabla sijayasahau.

Kile tunachokiita kromu ni tabaka kadhaa. Chuma kikishasafishwa hupakwa shaba kwa umeme, juu ya shaba inakuja nikeli, na kromu ni ya mwisho kabisa. Nikeli ndiyo inayong'aa na ndiyo inayokinga kutu. Kromu huwekwa juu yake ili isififie wala isikwaruzike upesi, na ndiyo inayotoa ule weupe wenye ubluu kwa mbali. Unene wake kwa kazi ya mapambo mara nyingi hauzidi nusu ya maikroni. Unywele wa mtu una maikroni kama 70. Kwa hiyo ukikusanya kromu yote iliyo kwenye FN ya Babu, toka rimu hadi kifuniko cha tangi, hupati hata ya kujaza kijiko kidogo. Madini yake hayana uhaba pia: Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa kuyachimba, na Zimbabwe wanayo.

Pesa inakwenda wapi basi? Hilo nilioneshwa na mzee mmoja wa mtaa wa Katuba, tunamwita Papa, fundi wa kunyoosha na kung'arisha vyuma, aliyekulia kwenye karakana za mgodi. Nilimpelekea kanyagio la gia, ambalo kromu yake ilikuwa imeisha yote, limebaki chuma kitupu chenye kutu. Alilishika kwenye jua, akaligeuza, akanipa lenzi. Kwa macho niliona madoa tu. Kwenye lenzi yakawa mashimo, kila moja dogo kama tundu la sindano, na ndani ya kila shimo kutu bado nyeusi. Alianza na msasa mkali wa namba 80, akaenda 120, akaenda 240, akaenda 400 ulio laini, na kila mara alibadilisha upande wa kusugua ili mikwaruzo ya msasa wa nyuma ionekane na iondoke. Kisha akaweka gurudumu la katani lenye dawa ya kung'arishia, mwisho la pamba. Alasiri nzima ikaishia kwenye kipande kinachoenea kiganjani. Na mashimo mawili bado yalikuwepo, kwa sababu angeyafuata mpaka chini chuma kingekuwa chembamba mno. Hayo, alisema, yajazwe kwa shaba kwenye beseni la kupakia kwa umeme, yasuguliwe, yajazwe tena, mpaka kidole kisihisi kitu. Ukiweka nikeli juu ya shimo bila kulijaza, shimo halifichiki. Mng'ao unalitangaza.

"Haiko kromu ndiyo unalipa, mwanangu," aliniambia. "Unalipa mukono."

Nikapiga hesabu ya alasiri ile mara rimu mbili zenye matundu ya spoku pande zote, mara bomba lililopinda, na dola 980 zikaanza kueleweka.

Papa alikataa kuzigusa rimu. Bado zina nikeli ya zamani sehemu nyingine, na ukipitisha jiwe juu ya nikeli nzee, kingo zake zinabaki na kuonekana chini ya mpya. Lazima kwanza ivuliwe yote kwa tindikali na umeme, na hilo ni la wenye mabeseni. Tena alinionya kuhusu herufi. Pale jina la kiwanda lilipogongwa kwenye chuma, fundi mwenye haraka hulifuta kwa gurudumu, na unarudishiwa kipande kinachong'aa kisicho na jina. Bora nirudishiwe chenye alama ya uzee.

Wengi wameniuliza kwa nini nipeleke Johannesburg wakati tunaishi kwenye mji wa migodi. Nilifikiria hivyohivyo, ndiyo maana nikaenda kwenye karakana moja inayohudumia mitambo ya migodi. Wanaweka kromu, na wanaijua kazi yao. Ila ile ni kromu ngumu, ya fimbo za haidroliki: inawekwa nene, moja kwa moja juu ya chuma, bila nikeli chini, halafu inachongwa kufikia kipimo. Shabaha yake ni kuzuia kulika. Mng'ao wa kioo hautafutwi pale, na mabeseni ya nikeli hawana. Msimamizi aliniambia wazi kwamba rimu zangu zingetoka na rangi ya kijivu. Nilimshukuru kwa kutokula pesa yangu.

Sayansi yenyewe si ngeni Katanga hata kidogo. Binamu yangu yuko kwenye elektrolisisi ya shaba, yaani kuitoa shaba kwenye maji kwa umeme, huko Kolwezi, na nilipomweleza beseni la kromu alilielewa kabla sijamaliza. Kwao pia sahani za madini ya risasi hutumika kama anodi (upande chanya wa umeme), haziyeyuki, na metali inatoka kwenye maji yenyewe na kuganda upande wa pili. Malori yanayopanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yamebeba shaba iliyozaliwa hivyo. Tofauti ni kwamba beseni la kromu ni vivu kupindukia: kwa kawaida chini ya asilimia 20 ya umeme ndiyo inayoweka kromu, uliobaki unavunja maji na kutoa gesi ya hidrojeni. Mapovu ya gesi hiyo yakipasuka juu ya beseni yanarusha ukungu wenye kromu ya aina ya sita, ile yenye sumu kali, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Wiki iliyopita kijana mmoja, mtu mwema na mchapakazi, aliniambia anaweza kunifanyia kila kitu kwa dola 250. Ana beseni la plastiki nyuma ya nyumba, ana mashine ya umeme ya kuchomelea aliyoibadilisha, na ana asidi ya kromu aliyoipata kwa rafiki. Nilimuuliza maji ya kuoshea yanakwenda wapi. Akanionesha mtaro. Hatua chache kutoka hapo kuna kisima, na mama mmoja alikuwa anateka.

Kromu ya aina ya sita inasababisha saratani ya mapafu kwa wanaoivuta kazini, hilo halibishaniwi tena. Inatoboa ukuta wa ndani ya pua, inachimba vidonda kwenye ngozi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha kromu yote kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 50 kwa lita, na maji ya beseni la aina ile huwa na asidi ya kromu gramu 250 hivi katika kila lita. Kwenye Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hakuna anayeruhusiwa kuitumia bila kibali maalumu. Karakana halali inapaswa kuibadilisha kwanza iwe ya aina ya tatu, isiyo na sumu kali, halafu kuitenga kama tope kabla maji hayajatoka. Hiyo ni gharama, na imo ndani ya zile dola 980. Ile ya dola 250 imeihamishia kwa yule mama wa kisimani na watoto wake. Na maji ya mji huu yanaishia mto Lubumbashi, kisha Kafubu, ambako watu wanalima mboga tunazokula.

Nilimwambia kijana hapana, na nikamwambia kwa nini. Tulizungumza muda mrefu. Hakuwa amevaa hata glavu. Ameniuliza kama nikeli peke yake ni salama zaidi. Nimemwambia haina ule ukungu wa kromu, ila chumvi zake nazo ni sumu na haziwezi kumwagwa mtaroni. Nitampeleka kwa Papa wa Katuba, ambaye analalamika kila siku kwamba hana wa kumrithisha gurudumu.

Uamuzi wangu ndio huu. Rimu, usukani, pete ya taa, kifuniko na mikono vinakwenda Johannesburg: dola 670. Papa ameshainyoosha pete kwa nyundo ya mti, na ameziba tobo la usukani kwa kuchomelea. Springi za kiti sikuziweka kwenye orodha kabisa. Hidrojeni ile ya beseni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla, isipokuwa kiokwe saa kadhaa kwenye joto la karibu nyuzi 200 mara baada ya kupakwa, na sitaki kumkalisha Mama juu ya springi ya kubahatisha. Zitapakwa rangi nyeusi.

Dereva anaondoka Alhamisi. Kila kipande nimekipiga picha, pamoja na mpangilio wa spoku kabla ya kuzifungua, na kwenye barua nimeandika kwa herufi kubwa kwamba majina yaliyogongwa yasiguswe. Bomba la moshi linabaki nyumbani kwa sasa. Litapata rangi ya kuvumilia joto, na zile dola 310 Mama amezifungia kabatini mpaka tuzione kwanza rimu zimerudije.